Jinsi ya Kumjengea Kwotabeki Chipukizi Ukuta wa Kumkinga

Mwaka 2024 Chicago Bears walimchukua Caleb Williams, kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), akiwa chaguo la kwanza kabisa kwenye drafti (zamu ya timu kuchagua wachezaji wa vyuo) ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, wakamzungushia wapokeaji wazuri, kisha wakamwacha aangushwe akiwa bado na mpira mara 68 katika msimu mmoja. Hakuna kwotabeki mwingine wa ligi aliyeangushwa mara nyingi hivyo mwaka ule. Novemba, mbele ya mashabiki wake mwenyewe, New England Patriots walimlaza chini mara 9 katika mechi moja. Siku mbili baadaye mratibu wa mashambulizi alifukuzwa, na mwezi haukuisha kabla kocha mkuu naye hajaonyeshwa mlango. Bears walimaliza na ushindi 5 na vipigo 12.

Msimu uliofuata kijana yule yule alikuwa na kocha mpya na watu wapya mbele yake. Akaangushwa chini ya nusu ya idadi ile, na timu ikashinda mechi 11 na kuongoza kundi lake.

Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo inavyofanywa, hatua kwa hatua. Nauandika kwa shabiki wa Nairobi au Dar es Salaam anayekesha Jumapili (mechi za mapema huanza saa mbili usiku kwetu, na saa tatu baada ya Marekani kurudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba) na anataka kujua kama timu yake inajenga au inapaka rangi tu. Nauandika pia kwa mzazi au kocha aliye Ohio, Texas au Minnesota ambaye kijana wake ndiye anayepokea kipigo kila Ijumaa usiku. Msimamo wangu nautoa mapema usije ukanishangaa mbele: ukuta wa kwotabeki mchanga hujengwa kuanzia katikati, na hapo katikati hapawekwi mtoto.

Watano wenyewe ni akina nani

Haraka haraka kwa asiyezoea mchezo huu. Mbele ya kwotabeki wanasimama watu watano, wengi wao wa kilo 140 kwenda juu. Wa katikati ni senta, ndiye anayetoa mpira kupitia katikati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake wako magadi wawili. Nje ya magadi wako wakingaji wa pembeni, mmoja kila upande. Hawaruhusiwi kukimbia mbele kupokea pasi wala hakuna anayewaimba. Kazi yao ni kumpa kwotabeki sekunde mbili na nusu hadi tatu za kuona uwanja na kuachia mpira, na kumfungulia njia mkimbiaji pale mpira unapobebwa chini.

Wapinzani kwa kawaida hutuma wavamizi wanne. Watano dhidi ya wanne ni hesabu nzuri, mpaka mmoja wa hao watano akosee.

Hatua ya 1: Jua kwanza nani anayemwangusha

Hapa ndipo timu nyingi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Idadi ya kuangushwa haisemi kosa ni la nani. Chukua video ya kila mara kwotabeki wako alipoangushwa msimu uliopita, uikalie na kalamu. Kila tukio liweke kwenye fungu moja kati ya manne. La kwanza: mkingaji alikuwa na mtu wake, akashindwa. La pili: mvamizi alipita bila kuguswa na mtu, maana yake hawakuelewana nani anamchukua nani. La tatu: ukuta ulifanya kazi yake, lakini kwotabeki alikaa na mpira. La nne: kocha alipanga mchezo mrefu, wapinzani wakaleta watu wengi, na hapakuwa na pasi fupi ya kukimbilia.

Ili kutenganisha fungu la kwanza na la tatu, tumia saa. Anza kuhesabu mpira unapotoka mkononi mwa senta. Akiangushwa kabla ya sekunde mbili na nusu, mimi huwalaumu waliokuwa mbele yake. Zikipita tatu na nusu, humwangalia mwenye mpira. Hapo katikati inabidi urudie video.

Halafu tazama miguu yake, si mikono. Mkingaji wa pembeni hamsimamishi mvamizi palepale. Humsindikiza, anarudi nyuma kwa hatua fupi za kuteleza huku akimsukuma azunguke kwa nyuma ya kwotabeki, kama yadi 8 au 9 kutoka kwenye mstari. Kwotabeki akibaki kwenye yadi 7 kisha akasogea mbele hatua moja, mvamizi anapita nyuma yake akiwa mikono mitupu. Lakini vijana wengi waliozoea kutoroka chuoni hurudi hadi yadi 11 au 12. Hapo mkingaji aliyefanya kila kitu sawasawa anajikuta amemleta mvamizi moja kwa moja kwenye mgongo wa bosi wake, na jina lake ndilo linalosomwa kwenye televisheni.

Fungu la pili lina mtego wake. Wavamizi wawili hubadilishana njia: wa pembeni anaingia ndani, wa ndani anatoka nje akizunguka nyuma ya mwenzake. Dawa yake ni gadi na mkingaji wa pembeni kukabidhiana. Gadi anamwachia wake, anapokea anayekuja. Ukiona gadi amegeuza kichwa kumfuata mtu wake hadi pembeni, na nyuma yake pamebaki uwazi ambao hata mimi ningepita, umepata jibu. Si nguvu zinazopungua hapo, ni mazoea ya watu wawili kusimama pamoja. Mtu kama huyo usimfukuze kabla hujamtafutia jirani wa kudumu.

Ukimaliza, hesabu mafungu. Fungu la tatu na la nne yakiwa makubwa kuliko mengine, hata ukinunua watano wapya utatupa fedha. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 5 na ya 6.

Hatua ya 2: Kagua ulionao, hasa miili yao

Nani abaki, nani ahamishwe nafasi, nani aachwe. Kazi hii ni fupi kama umeifanya vizuri ya kwanza. Ninachosisitiza ni afya.

Houston Texans walipoanza ligi mwaka 2002 walimchukua kwotabeki David Carr akiwa chaguo la kwanza, na kwa ajili ya kumkinga walimpata Tony Boselli, mmoja wa wakingaji bora wa pembeni wa kizazi chake, kutoka Jacksonville. Boselli alikuwa na bega bovu. Hakuwahi kucheza hata mechi moja akiwa na jezi ya Texans. Carr akaangushwa mara 76 mwaka ule, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo, na katika misimu yake mitano pale jumla ilifika 249. Watu wanabishana mpaka leo kama Carr alikuwa na kipaji cha kweli. Hatutajua, kwa sababu hakuwahi kupata nafasi ya kusimama wima.

Kwa hiyo unapopanga watano wako, mwenye goti au bega la mashaka mhesabu kuwa wa akiba. Akipona, umebahatika.

Hatua ya 3: Nunua katikati kwanza, na nunua watu wazima

Fikiria uvamizi unaotoka pembeni. Kwotabeki ana mahali pa kwenda, anasogea mbele na kurusha. Uvamizi wa katikati humjia usoni. Hawezi kusogea mbele, hawezi kuona, na hata mkono wake hauna nafasi ya kumalizia kurusha. Mkongwe atajua la kufanya. Kijana atageuka na kukimbia, na akishazoea kukimbia atakimbia hata pale ambapo hakuna anayemfukuza.

Ushahidi uko kwa Cincinnati Bengals. Joe Burrow, kwotabeki wao na chaguo la kwanza la 2020, aliumia goti vibaya Novemba ya mwaka wake wa kwanza. Drafti iliyofuata, watu wote walikuwa wakibishana: Bengals wamchukue mkingaji Penei Sewell, au mpokeaji Ja'Marr Chase aliyecheza na Burrow chuoni? Wakamchukua Chase, na kusema kweli hawakukosea, kwani walifika Super Bowl, fainali ya ligi, msimu huohuo. Ila Burrow aliangushwa mara 51 kwenye msimu wa kawaida, mara 9 kwenye mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee ambayo walishinda kimiujiza, na mara 7 kwenye fainali yenyewe dhidi ya Los Angeles Rams, Februari 2022. Jaribio lao la mwisho (timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10), ikibaki chini ya dakika moja, wakihitaji yadi moja tu, Aaron Donald alipita katikati, akamshika Burrow kiunoni na kumzungusha huku mpira ukiponyoka kwenda pasipo na mtu. Matokeo 23 kwa 20.

Angalia walichofanya mwezi uliofuata. Walimsajili senta mzoefu, Ted Karras, aliyewahi kucheza New England. Wakamsajili gadi, Alex Cappa, kutoka Tampa Bay. La'el Collins wa pembeni akaja baada ya hao.

Kansas City walipita njia hiyo mwaka mmoja kabla. Februari 2021 walifungwa 31 kwa 9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl, kwotabeki wao Patrick Mahomes akikimbizwa uwanja mzima kwa sababu wakingaji wake wote wawili wa pembeni walikuwa majeruhi. Walivunja ukuta wote. Watano waliofungua msimu wa 2021 hakuna hata mmoja aliyeanza fainali ile. Gadi Joe Thuney alipewa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 80. Mkingaji Orlando Brown Jr. alinunuliwa kwa kubadilishana na Baltimore. Senta Creed Humphrey akatoka drafti raundi ya pili, gadi Trey Smith raundi ya sita. Miaka miwili baadaye walikutana kwenye fainali na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imeangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Mahomes hakuangushwa hata mara moja, wakashinda 38 kwa 35.

Mtu ataniuliza: Humphrey si alikuwa mtoto wa mwaka wa kwanza, tena senta? Ndiyo. Lakini nyuma yake alisimama Mahomes, aliyekuwa anaingia msimu wake wa tano na keshacheza fainali mbili. Mmoja wao alikuwa anajua. Shida ni pale wote wawili wanapojifunza kwa pamoja, kwa sababu kabla mpira haujatolewa ni hao wawili wanaosoma ulinzi. Senta ndiye anayenyoosha kidole na kutaja lainibeka (mlinzi anayesimama nyuma ya wavamizi) yupi ni wa katikati, na kutoka kwa huyo wenzake wanne wanahesabu nani anamchukua nani. Akitaja vibaya, watano wanakosea kwa mpangilio mzuri kabisa. Kwotabeki mkongwe atambadilishia. Kijana wa miaka 22, kelele za mashabiki 70,000 zikimpigia masikioni na saa ikisoma sekunde 4, hatabadilisha chochote.

Bears waliielewa hoja hii. Machi 2025, ndani ya siku chache, walimleta Thuney yule yule kutoka Kansas City, gadi Jonah Jackson kutoka Rams, na senta Drew Dalman kutoka Atlanta kwa mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 42. Watatu wa katikati wote wapya, wote watu wazima. Jackson alikuwa tayari amefanya kazi na kocha mpya, Ben Johnson, walipokuwa wote Detroit, kwa hiyo alikuja akiijua lugha ya nyumbani. Meneja mkuu wa Bears, Ryan Poles, alicheza kwenye safu hiyohiyo ya ukuta alipokuwa chuo cha Boston College. Sishangai.

Na kwa nini Kansas City walimwachia Thuney? Umri na fedha. Lakini tazama kilichowapata mwezi mmoja kabla. Msimu wa 2024 mkingaji wao wa pembeni kushoto aliwashinda kumpata, wakamhamisha Thuney kutoka ndani kwenda nje. Kwenye fainali ya Februari 2025 Eagles hawakuhitaji kutuma mvamizi wa ziada hata mara moja. Wanne walitosha kumwangusha Mahomes mara 6, na matokeo yakawa 40 kwa 22. Ukitoboa katikati ili uzibe pembeni, utakuwa na matundu mawili.

Hatua ya 4: Wa pembeni waache waje na drafti

Wakingaji wazuri wa pembeni hawafiki sokoni mara kwa mara, na wakifika bei yao inatisha. Wengi hupatikana kwenye raundi za mwanzo za drafti. Hilo halinisumbui, kwani pembeni unaweza kumsaidia kijana: mwekee mpokeaji mnene karibu yake amgonge mvamizi kabla hajaondoka, au mwache mkimbiaji abaki nyuma. Katikati huna msaada wa namna hiyo kila mchezo.

Bears walikuwa naye Darnell Wright kulia, chaguo la 10 la mwaka 2023. Kushoto walimchukua Ozzy Trapilo raundi ya pili ya 2025 wakamwingiza kwenye mashindano ya nafasi, badala ya kumkabidhi ufunguo siku ya kwanza. Nafasi ile ilibadilisha wenyewe zaidi ya mara moja msimu ule, na bado ukuta haukuporomoka, kwa sababu aliyekuwa kushoto alikuwa na Thuney bega kwa bega. Patriots, kwa upande wao, waliwapanga vijana wawili wa mwaka wa kwanza kando kwa kando upande wa kushoto mwaka huohuo, Will Campbell na Jared Wilson, wakimkinga Drake Maye aliyekuwa kwenye msimu wake wa pili. Wakafika fainali, hilo siwanyimi. Seattle wakawafunga 29 kwa 13.

Usidharau raundi za chini pia. Trey Smith aliangukia raundi ya sita kwa sababu alikuwa amewahi kupata mabonge ya damu kwenye mapafu. Kansas City wakaridhika na majibu ya madaktari. Mwaka 2025 alisaini miaka 4 kwa dola milioni 94.

Hatua ya 5: Kocha mmoja, lugha moja

Kwotabeki anayebadilishiwa mratibu katikati ya msimu anajifunza majina mapya ya vitu vilevile. Mkingaji naye hivyo hivyo. Kabla ya kusajili mtu, amua utacheza nini. Kama unapenda mbio za kukimbilia pembeni, unataka wepesi wa miguu kama wa Dalman. Kama unapenda kusukuma mbele, unataka uzito. Kununua mmoja mmoja kwa sifa ya jina ni kuokota watano wasioelewana.

Na mpe kijana michezo inayompunguzia mzigo: mbio za kutosha, pasi fupi ya kurusha haraka, na ule ujanja wa kumwonyesha mkimbiaji mpira kana kwamba anapewa. Lainibeka akisimama nusu sekunde kufikiri, ukuta umepata mapumziko. Johnson alimrudisha Williams kupokea mpira akiwa amesimama karibu kabisa na mgongo wa senta mara nyingi zaidi, na sababu mojawapo ni hiyo, maana ujanja ule huiva vizuri zaidi kutokea hapo.

Hatua ya 6: Kwotabeki naye ana kazi

Mpe kazi tatu tu mwaka wa kwanza wa ukuta mpya: abaki kwenye kina chake, ajue mvamizi ambaye hatachukuliwa na mtu na pasi ya kumwadhibu, na asione haya kuutupa mpira nje. Ya tatu ndiyo ngumu. Kijana aliyekuwa nyota chuoni anaona kutupa mpira nje ni kushindwa. Mwonyeshe hesabu: kuangushwa hupoteza yadi 6 au 7 pamoja na jaribio, kutupa nje hupoteza jaribio peke yake.

Sehemu ya nafuu ya Williams mwaka 2025 ni yake mwenyewe. Aliendelea kutoroka, lakini alitoroka na mpira ukaondoka. Asilimia ya pasi zake zilizofika haikuwa ya kujivunia, hivyo asikudanganye mtu kwamba ukuta hutibu kila kitu.

Hatua ya 7: Wa sita, wa saba na wa nane

Kwa kawaida timu huruhusiwa wachezaji 47 siku ya mechi, na 48 ikiwa angalau 8 kati yao ni watu wa ukuta. Ligi yenyewe inakuhimiza. Wa sita awe anaweza kucheza pembeni zote mbili. Wa saba awe gadi anayejua kutoa mpira kama senta. Wa nane awe kijana unayemlea.

Waulize Bengals. Baada ya kununua ukuta mpya mwaka 2022, Collins aliumia Desemba, Cappa akaumia mechi ya mwisho, na mkingaji wa kushoto Jonah Williams akaumia kwenye mtoano. Waliingia nusu fainali ya ligi dhidi ya Kansas City na akiba watatu kati ya watano. Wakapoteza 23 kwa 20.

Hatua ya 8: Usivunje mapema

Ukuta mpya huanza vibaya. Ule wa Bengals uliruhusu Burrow aangushwe mara 7 kwenye mechi ya kwanza na 6 kwenye ya pili. Mashabiki wakaanza kudai vichwa. Kocha akawaacha watano wale wale, na kufikia katikati ya msimu walikuwa wamejuana.

Kumbuka kwamba NFL inaruhusu mazoezi 14 tu ya kugongana na pedi katika msimu wote wa kawaida. Wakingaji hujifunza kazi yao kwenye mechi zenyewe. Jipe wiki 6, ukifuatilia lile fungu la pili la hatua ya 1: wavamizi wanaopita bila kuguswa wakipungua wiki hadi wiki, mko njiani, hata kama matokeo hayajabadilika.

Kwa timu ya shule

Huku hakuna soko wala mkataba. Kosa la kawaida ni kuwapeleka kwenye ukuta wale wazito waliobaki baada ya nafasi nyingine kujazwa. Badala yake chukua kijana wako mtulivu na mwenye kichwa kuliko wote, umfanye senta, hata kama si mkubwa sana. Kabla ya kila mazoezi yeye na kwotabeki watoe mipira 50, ikiwemo ile ya kimya: kwotabeki anainua mguu, gadi anayetazama nyuma anamgonga senta pajani, senta anainua kichwa, anahesabu moja, anatoa. Wakifanya hivyo kila siku, kelele za ugenini hazitawasumbua.

Wengine wafundishe vitu viwili: mikono ndani ya kifua cha mpinzani, na kukabidhiana. Mikono ikitoka nje na kushika jezi ni adhabu ya yadi 10. Kukabidhiana kufanyeni kwa mwendo wa kutembea kwanza, wawili wawili, wakitamka kwa sauti. Watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani wana faida hapa: nadhani wapinzani wachache wataelewa "wako" na "wangu". Na kama kuna kijana aliyecheza raga Nairobi au Kampala kabla ya kuhamia huko, msogelee. Jordan Mailata wa Eagles alitoka raga ya Australia bila kuwahi kucheza mchezo huu, akachukuliwa raundi ya saba mwaka 2018, na ndiye aliyesimama kushoto kwenye fainali ile ya 40 kwa 22.

Hatua ya 9: Kalenda na fedha

Soko la wachezaji huru hufunguliwa katikati ya Machi, drafti ni mwisho wa Aprili, kambi huanza mwisho wa Julai. Katikati ya ukuta inunuliwe Machi ili watu wawe wanakaa chumba kimoja tangu Aprili.

Fedha zipo mapema, baadaye hazipo. Kwotabeki wa raundi ya kwanza ana mkataba wa miaka 4 na nyongeza ya wa tano kwa hiari ya timu, na mshahara wake katika kipindi hicho ni mdogo ukilinganisha na wakongwe. Mwaka 2025 ukomo wa mishahara ulikuwa dola milioni 279.2 kwa timu. Tumia nafasi hiyo mwaka wa pili na wa tatu. Indianapolis Colts walichelewa na kwotabeki wao Andrew Luck. Walimchukua 2012, akapigwa miaka mingi, akapasuka figo 2015, akakosa msimu wote wa 2017 kwa bega. Mwaka 2018 wakamchukua gadi Quenton Nelson chaguo la 6 na Braden Smith raundi ya pili, wakawaweka kwenye safu aliyokuwamo tayari senta Ryan Kelly. Luck akaangushwa mara 18 tu msimu mzima na kurudi kwenye ubora wake. Agosti 2019 akastaafu akiwa na miaka 29, amechoka na maumivu.

Kwa Williams, mwaka wa nyongeza ni 2028. Thuney alizaliwa 1992. Bears wanapaswa kuwa wamemchukua gadi wa kumrithi kabla ya drafti ya 2027, amkalie karibu msimu mzima akimtazama anavyokabidhiana na jirani yake.